Vijaribu viungo vyako: mwongozo wa kujua wapi mwili unakunjika na wapi unageuka

Mwanafunzi wa baiolojia atakutajia aina sita za viungo vinavyosogea bila kupepesa macho: bawaba, mhimili, duaradufu, tandiko, tufe na kikombe, na kile cha kuteleza. Mwombe sasa akuoneshe mahali mkono unapogeukia mtu anapozungusha ufunguo kwenye kitasa. Aghalabu atashika kifundo cha mkono, na hapo sipo. Mwendo unaouona mwilini mara nyingi unatoka kwenye kiungo kingine, cha juu yake au cha chini yake. Maumivu nayo yana tabia hiyohiyo, ndiyo maana wapo watu wanaochua goti mwezi mzima ilhali mgonjwa ni nyonga.

Kwa hiyo hapa tutajifunza kwa kushika na kusogeza. Andaa kiti imara kisicho na magurudumu, meza, ukuta ulio wazi, karatasi na kalamu. Nunua pia paja la kuku bichi ambalo halijatenganishwa na mguu wake. Halitapotea bure, utalipika baadaye.

Kabla hujaanza

Kila kiungo kijaribu kulia na kushoto. Watu tunatofautiana sana kwa ulaini wa viungo, hivyo usijilinganishe na mwanasarakasi wala na mtoto wako. Wa kujilinganisha naye ni upande wako wa pili.

Kisogeze kiungo kwanza kwa nguvu zake chenyewe, halafu rudia ukikisaidia kwa mkono mwingine. Kikishindwa chenyewe lakini kwa msaada kikaenda vizuri, shaka iwe kwenye msuli, kano au neva. Kikigoma kote kuwili, shida iko kwenye kiungo au vile vinavyokizunguka. Mtaalamu wa fiziotherapia hutenganisha mambo haya mawili mapema kabisa, na hakuna sababu ya wewe kutoyatenganisha nyumbani.

Angalia pia mwendo unavyokoma. Kiwiko kikinyooka hukoma ghafla, mfupa juu ya mfupa. Kikikunjwa hukoma taratibu, nyama ya kigasha ikikutana na nyama ya mkono wa juu. Kifundo cha mkono hukoma kwa kukaza, kwa kuwa ligamenti zimefika mwisho wa urefu wao. Kiungo kinachokoma kwa namna isiyo yake kiandike kwenye karatasi.

Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto usikijaribu. Kama una homa juu yake, nenda hospitali siku hiyohiyo: bakteria wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kukiharibu kwa siku chache tu.

Hatua ya 1: Fungua kiungo kimoja ukione

Shika paja la kuku kwa mkono mmoja na mguu kwa mwingine. Kunja, nyoosha. Sasa jaribu kuupeleka mguu pembeni: unakataa. Hakuna msuli wa kuku aliyekufa unaokuzuia hapo. Kinachozuia ni umbo la ncha za mifupa pamoja na ligamenti, zile kamba nyeupe ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa.

Kata ngozi polepole mpaka ufikie kifuko kinachozunguka kiungo, kisha kipasue. Utakuta ute unaonata, mfano wa ute wa yai, na ncha za mifupa zilizofunikwa kitu cheupe chenye kung'aa na rangi ya samawati kwa mbali. Hilo ndilo gegedu. Pitisha kidole juu yake uone linavyoteleza. Kama kuku alichinjwa nyumbani, chukua na ule mguu wa chini wenye kucha, tafuta kano nyeupe mahali ulipokatwa, uivute: vidole vitajikunja. Watoto wanaufahamu mchezo huu. Kano huunganisha msuli na mfupa, na vidole vyako navyo vinaendeshwa hivyohivyo, kwani misuli mingi inayovikunja iko kwenye kigasha.

Gegedu halina mishipa ya damu wala neva. Chakula chake kinatoka kwenye ule ute, unaosukumwa kuingia na kutoka kila gegedu linapobanwa na kuachiwa. Kiungo kisichosogea kinakosa mlo, na hiyo ni sababu mojawapo ya goti kutoka kwenye plasta likiwa limekakamaa.

Hatua ya 2: Pitia haraka visivyosogea

Si kila maungio yana kifuko na ute. Mifupa ya fuvu imeshonana kwa mistari yenye menomeno na kwa mtu mzima haisogei. Kwa mtoto mchanga bado haijafungana: utosi ule laini wa mbele unaodunda hufunga kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili. Jino nalo limefungwa kwenye taya kwa nyuzi fupi zinazoruhusu mtikisiko mdogo mno.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu vyenye maji mengi ndani. Vinabonyea kutwa nzima chini ya uzito wako na kujaa tena usiku, hivyo asubuhi unaamka ukiwa mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa jioni. Mbele, kwenye kinena, mifupa miwili ya nyonga imeunganishwa na gegedu ambalo homoni za ujauzito hulilegeza. Mjamzito anayelalamika kwamba kinena kinamuuma akigeuka kitandani hajidekezi.

Hatua ya 3: Kiwiko, kigasha na vidole

Hapa kaa kwa muda. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na zaidi ya nusu, 106, iko kwenye mikono na miguu kuanzia vifundo hadi ncha za vidole. Kila mkono una 27, kila mguu 26.

Anza na kiwiko. Weka kidole kwenye ile ncha ngumu ya nyuma, kisha kunja na unyooshe mkono. Ncha hiyo inatoka na kurudi kwenye shimo la mfupa wa juu, na ikijaa shimoni mkono hauendi mbele zaidi. Hiki ni kiungo cha bawaba: kukunja na kunyoosha, basi.

Sasa bana kiwiko ubavuni, kikunje nyuzi 90, kiganja kitazame juu. Kwa mkono wa pili shika kigasha katikati, uihisi mifupa miwili. Geuza kiganja kitazame chini. Mfupa wa upande wa dole gumba umevuka juu ya mwenzake, ambao umebaki karibu palepale alipokuwa. Ukisogeza vidole hadi chini kidogo ya kiwiko kwa upande wa nje, utakuta kichwa cha mfupa huo kikizunguka mahali pamoja, ndani ya pete ya ligamenti. Hicho ni kiungo cha mhimili. Ndicho kinachozungusha ufunguo, kinachomsaidia mtu kukuna nazi kwenye mbuzi na kukamua shuka. Wakati wote huo kifundo cha mkono kimebebwa tu.

Pete hiyo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano haijashika sawasawa. Ukimnyanyua kwa kumvuta mkono mmoja kuvuka mtaro, kichwa cha mfupa kinaweza kuchomoka kidogo, na mtoto akauacha mkono unaning'inia, hataki uguswe. Mpeleke kituo cha afya. Mhudumu anayejua hukirudisha kwa sekunde chache. Siku nyingine mnyanyue kwa kumshika kwapani.

Rudi kwenye kifundo cha mkono na ukipe kazi yake halisi. Laza kigasha mezani, kiganja chini. Inua vidole kuelekea dari, vishushe ukingoni mwa meza, kisha telezesha kiganja kuelekea kidole kidogo na kuelekea dole gumba. Utaona upande wa kidole kidogo unakwenda mbali zaidi. Mwendo wa njia nne bila kujizungusha wenyewe: ndio kiungo cha duaradufu, kichwa kirefu cha yai kikikaa kwenye bonde lenye umbo hilohilo.

Vifundo vinavyotokeza ukikunja ngumi navyo ni vya kundi hilo, na vina jaribio ninalolipenda kuliko yote. Nyoosha vidole uvitanue: vinatanuka bila shida. Sasa vikunje kwenye vifundo hivyo tu nyuzi 90, vidole vyenyewe vikiwa vimenyooka, ujaribu kuvitanua tena. Vimegoma. Kichwa cha mfupa ni kipana upande wa kiganja, hivyo kidole kikikunjwa ligamenti za pembeni zinavutika mpaka zinakaza. Ndiyo maana ukishika jembe au mchi vidole havitawanyiki. Viungo viwili vya mbele vya kila kidole ni bawaba tupu; vikienda pembeni, ujue umeumia.

Kuhusu kualisha vidole: mlio ule unatokana na gesi inayojitenga ndani ya ute kiungo kinapovutwa na shinikizo kushuka, na huchukua kama dakika 20 kabla kiungo hichohicho hakijaweza kulia tena. Bibi aliyekuambia utapata baridi yabisi alikuwa na nia njema. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa miaka 50, akaandika mwaka 1998 kwamba hakuona tofauti na wa kulia. Mtu mmoja si utafiti, ila uvumilivu wake nauvulia kofia. Mlio wenye maumivu au uvimbe ni jambo jingine, hospitali.

Malizia na dole gumba. Kiungo chake muhimu kiko chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono. Weka kidole cha mkono wa pili hapo, kisha ligusishe dole gumba na kitako cha kidole kidogo. Tazama ukucha: umegeuka kutazamana na wenzake. Mifupa miwili imekaliana kwa umbo la tandiko, kila mmoja umebonyea upande mmoja na kuinuka upande mwingine. Ukitaka kujua thamani ya tandiko hilo, libane dole gumba kwenye kiganja halafu ufunge vifungo vya shati.

Hatua ya 4: Bega

Simama. Inua mkono pembeni, kiganja kikitazama chini, usigeuze kitu. Ukifika usawa wa bega au juu kidogo, unaanza kubanwa. Sasa geuza kiganja kitazame juu na uendelee: mkono unapanda hadi sikioni. Ulipougeuza, ule uvimbe wa juu ya mfupa wa mkono ulikwepa paa la mfupa lililo juu ya bega.

Rudia mwenzako akiwa ameweka kiganja kwenye kombe la bega lako. Atahisi kombe likizunguka na kupanda. Katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takribani 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 kwa kombe kusogea juu ya mbavu. Mtulinga nao unanyanyuka. Mtu mwenye bega lililoganda hujitetea kwa kombe: utamwona akipandisha bega zima kuelekea shingoni ili afikie rafu.

Bega ni tufe na kikombe, ila kikombe chenyewe ni kifupi mno. Uhuru wote ule wa kurusha, kusukuma na kujikuna mgongo umelipiwa kwa uthabiti, ndiyo maana katika viungo vikubwa hakuna kinachotenguka mara nyingi kuliko hiki. Likitenguka, usikubali mtu akuvute mkono nyumbani: neva na mishipa ya damu inapita hapohapo. Funga mkono kwa kanga shingoni, nenda hospitali wakapige picha kwanza.

Hatua ya 5: Shingo na taya

Itikia "ndiyo" kwa kichwa, kidogokidogo. Mwendo huo ni wa fuvu juu ya pingili ya kwanza. Sasa kataa "hapana". Karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo inatoka mahali pamoja, pale pingili ya kwanza, yenye umbo la pete, inapozunguka kigingi cha pingili ya pili. Ni mhimili tena, kama ule wa kigasha. Zilizobaki tano zinagawana nusu nyingine. Geuka polepole, na ukipata kizunguzungu acha.

Kwa taya, weka ncha za vidole mbele ya masikio na ufungue mdomo taratibu. Mwanzoni kichwa cha taya kinazunguka tu. Ukizidi kufungua kinateleza mbele na kuacha shimo chini ya kidole chako. Bawaba na mtelezo katika kiungo kimoja. Anayepiga mwayo mpana na taya likakwama wazi, kichwa hicho kimeteleza kupita kilima chake kikashindwa kurudi.

Hatua ya 6: Tenganisha nyonga na mgongo

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na mgongo ndio unaolipa.

Lala chali. Vuta goti moja kifuani kwa mikono: paja linakaribia tumbo. Shusha, kisha inua mguu uleule goti likiwa limenyooka. Umekwama mapema zaidi, na nyuma ya paja panavuta. Kiungo ni kilekile, tufe la mfupa wa paja ndani ya kikombe kirefu cha fupanyonga. Kilichobadilika ni msuli wa nyuma ya paja, unaovuka nyonga na goti kwa pamoja. Goti likinyooka unaisha urefu. Basi asiyeweza kugusa vidole vya miguu asiilaumu nyonga kabla ya kufanya jaribio hili.

Sasa simama, mgongo kwa ukuta, hatua fupi mbele yake. Weka kiganja kimoja kiunoni. Rudisha makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakilegea kidogo, bila kiuno kupinda chini ya kiganja. Rukuu iliyonyooka mgongo ndiyo hii: kifua kimeshuka, na kilichokunjika ni nyonga. Halafu jikunje kwa mgongo kama unaokota sindano, usikie pingili zikifunguka chini ya kiganja. Kwa sindano haina neno. Kwa ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, tumia nyonga na magoti.

Usigeuke nayo ukiwa umeinama. Viungo vya kuteleza vya pingili za kiuno vimekaa kwa namna inayoruhusu kuinama na kurudi nyuma, lakini kujizungusha ni nyuzi chache tu. Ukikaa kitini, mikono kifuani, ukageuka kutazama nyuma, sehemu kubwa ya mgeuko huo ni ya pingili za kifua na shingo. Mwenye ndoo ageuze miguu.

Hatua ya 7: Goti

Kaa kitini, goti nyuzi 90, kisigino sakafuni. Shika muundi chini kidogo ya goti na ugeuze vidole vya mguu ndani na nje. Muundi unazunguka mkononi mwako ilhali paja limetulia. Kumbe bawaba hii ina siri. Sasa nyoosha goti kabisa, ugeuze mguu tena: unageuka, lakini pia ya goti inageuka nao. Mwendo umehamia nyongani. Goti likinyooka mifupa yake hujifunga, nalo halikubali kuzungushwa.

Mchezaji wa mpira ambaye njumu zake zimeng'ang'ania nyasi, goti likiwa limekunjwa kidogo, mwili ukageuka ghafla, analazimisha mzunguko ambao ligamenti za ndani ndizo zinazouzuia. Nyingi hukatika hivyo, bila hata kuguswa na mpinzani.

Ukiwa umenyoosha mguu na kulegeza paja, sukuma pia ya goti kushoto na kulia, inacheza. Kaza paja, nayo inatulia. Kazi yake ni kuisogeza kano ya paja mbali na kiungo ili msuli upate nguvu zaidi ya kunyoosha goti.

Hatua ya 8: Kifundo cha mguu na unyayo

Papasa vifundo viwili vya mguu: cha nje kimeshuka chini kuliko cha ndani. Vimeubana mfupa wa katikati kutoka pande mbili, hivyo kiungo chenyewe kinapandisha na kushusha unyayo tu. Kuupinda unyayo ndani na nje ni kazi ya kiungo kilicho chini yake. Shika kisigino kwa kiganja na ukitikise pembeni, utakiona. Ule mfupa uliobanwa ni mwembamba kwa nyuma, kwa hiyo ukisimama kwa ncha za vidole, au kwa viatu virefu, kifundo kinalegea. Hapo ndipo watu huteguka, mara nyingi unyayo ukipinda kuelekea ndani.

Pima hivi: elekeza dole gumba la mguu ukutani, kisigino chini, na upeleke goti liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogokidogo mpaka mwisho ambapo goti bado linagusa bila kisigino kunyanyuka. Pima umbali, linganisha miguu. Ambaye visigino vyake hunyanyuka akichuchumaa chooni atapata umbali mdogo hapa.

Mwisho piga magoti, vidole vya miguu vikiwa vimekunjwa mbele, kama anayeketi baina ya sijida mbili. Kiungo cha dole gumba kikiuma hapo, kitakuwa kinakusumbua pia unapotembea, kila kisigino kinaponyanyuka.

Hatua ya 9: Andika, kisha useme sawasawa

Kwa kila kiungo kilichokutia shaka andika upande, mwendo gani unakwama, unakwama wapi, kwa msaada unaenda au hauendi, na unakoma kwa namna gani. Mwenye seli mundu anayepata maumivu ya kinena au nyonga akizungusha paja asisubiri: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu.

Ukifika kwa daktari usiseme "mguu unaniuma". Mwambie: "Goti la kulia linanyooka vizuri. Nikilikunja mwenyewe linakwama kisigino kikiwa bado mbali na kalio, ukinisaidia linaenda, na maumivu yako mbele, juu ya pia."